Uswidi "haifungamani" au "haiegemei"?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Juzi nimesoma mahali wameandika "Uswisi imeachana na sera yake ya kigeni ya kutofungamana na upande wowote na kujiunga na NATO". Jamaa yangu kakomaa kwamba walitakiwa waandike "kutoegemea", mi naona ni kitu kilekile tu. Nani yuko sawa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kabla ya ubishi wenu, huyo mwandishi kaipeleka NATO nchi ambayo haijaenda. Uswisi ni ile ya Geneva na mabenki, na haimo NATO mpaka leo. Iliyoingia ni Uswidi, ya Stockholm, tarehe 7 Machi 2024, mwanachama wa 32. Herufi moja tu hiyo, na kwenye kibodi s na d zimekaa jirani kabisa, ndo maana mi huwa naandika Swideni, wenye kamusi wanisamehe.

Sasa maneno yenyewe. Fungamana imezaliwa na funga, kwa hiyo pana kamba hapo, pana fundo, kwa mambo ya nchi tunasema pana mkataba. Egemea ni kama ulivyoegemea ukuta saa hizi ukisubiri daladala, hakuna aliyekufunga, gari ikija unaondoka zako, lakini uzito wako si tayari uko upande ule? Kwa hiyo mtu anaweza akaegemea bila kufungamana, na hiyo ndo stori nzima ya Uswidi.

Hawa watu hawajapigana vita tangu 1814, na enzi za vita baridi kauli yao ilikua: hatufungamani wakati wa amani ili vita ikija tusiegemee upande. Umeona, maneno yote mawili yapo na kila moja lina kazi yake. Na wala haikua kukaa kimya, maana waziri mkuu wao Olof Palme mwaka 1972 aliwasema Wamarekani hadharani kwa kupiga mabomu Hanoi mpaka Washington wakanuna, na huku kwetu serikali yao ilikua inawasaidia Frelimo na ANC. Af baada ya vita baridi wakaanza kuegemea kidogokidogo, 1995 wakaingia Umoja wa Ulaya, baadae wakapeleka wanajeshi Afghanistan chini ya NATO wakati NATO kwenyewe hawamo. Urusi ilipovamia Ukraine 2022 wakaomba kuingia, wao na Finland pamoja, Finland ikapita 2023, wao wakakalishwa benchi na Uturuki na Hungaria.

Kwa hiyo kilichokufa 2024 ni kutofungamana, kutoegemea kulishakufa zamani. Mwandishi neno kapatia, nchi kakosea, na jamaa yako leo kapigwa. Ila ingekua kweli ni Uswisi angeshinda, kwa sababu ile inajulikana kwa kutoegemea tangu 1815, ingawa nako 2022 walipofuata vikwazo vya Ulaya dhidi ya Urusi ubishi ukazuka hukohuko kwao.

Kitu kingine kinachonikera kidogo: ukiandika "kutofungamana na upande wowote" halafu basi, msomaji wa Tanzania moja kwa moja anawaza ule umoja wa nchi zisizofungamana, wa Belgrade 1961, wa kina Tito na Nasser, ambao na sisi tumo. Uswidi haijawahi kuwa mwanachama mule. Andika "kutofungamana kijeshi" yaishe, na Waswidi wenyewe ndivyo wanavyoiita.

Na hiyo "sera ya kigeni", najua Wakenya wanaitumia sana na sigombani nao, ila mi nasema sera ya nje. Za kigeni ni pesa, maana zenyewe zimetoka nje. Sera ya Uswidi imetungwa Stockholm na Waswidi, ugeni wake uko wapi?