Maswali yenu: Watafiti wakishaondoka shambani, mkulima anabaki na nini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi ni mkulima mdogo. Kila siku tunasikia chuo cha nje kimesaini mkataba na taasisi ya kilimo ya hapa nchini, wanakuja na magari, wanachukua udongo, wanatuhoji mpaka jua linazama, halafu ndo imetoka hiyo. Huo ushirikiano unamsaidia nani hasa?
– Nimechoka kuhojiwa

JIBU: Ndugu yangu, una haki kabisa ya kuchoka, ila usiutupe wote maana kuna uliookoa watu. Miaka ya 1970 vidung'ata wa muhogo, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea, waliingia Afrika kutoka Amerika Kusini bila adui wao wa asili, wakamaliza mashamba nchi baada ya nchi. Mwaka 1981 mtaalamu wa CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Kolombia, akawapata wadudu haohao Paraguai, na hukohuko kukawa na nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani yao. Nyigu wakapitishwa Uingereza kwanza kukaguliwa wasije wakaleta balaa jingine, ndo IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo kule Ibadan, Nigeria, timu ya mtafiti Hans Herren ikawazalisha na kuwaachia mashambani, wengine wakamwagwa kwa ndege. Mkulima hakununua dawa hata chupa moja na muhogo wake ukarudi. Niambie, nchi gani ingeyaweza hayo peke yake?

Tena kuna sukuma-vuta, mbinu ya kupanda mimea inayofukuza na kuvuta wadudu, ambayo icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Kenya, ilianza na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza pamoja na watafiti wa serikali ya Kenya miaka ya 1990. Unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi, harufu yake inafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, pembeni unazungusha majani ya tembo yanayowavuta wakatage huko. Na desmodiamu hiyohiyo inazuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, inarutubisha udongo na ng'ombe anakula. Naipenda sana hii, lakini sehemu nyingi imekwama kwa sababu mbegu ya desmodiamu ni ghali au haipatikani kabisa, na hapo ndo naona miradi mingi inafia, sayansi iko vizuri ila hakuna aliyejipanga nani atauza mbegu hela ya wafadhili ikiisha.

Kwa hiyo wakija tena waulize kabla hawajachimba: majibu ya udongo wangu naletewa lini, nani anabaki hapa mradi ukifungwa, mbegu nitaipata wapi? Wakishindwa kukujibu unaruhusiwa kukataa, shamba ni lako.

SWALI: Mhariri, hizi programu za simu za kutambua magonjwa ya mimea ni za kweli au wanatafuta bando zetu tu?

JIBU: Zipo za kweli. Programu ya Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA, inaangalia jani la muhogo kwa kamera na kukwambia kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, na inafanya kazi hata bila intaneti kwa hiyo bando lako liko salama. Ila magonjwa hayo ni ya virusi, hayana dawa, simu ikishakwambia ung'oe mmea bado unahitaji vipando safi, kwa hiyo mtafute afisa ugani mapema, kabla msimu wa kupanda haujafika.