Kuutembelea Msikiti wa Hassan II kama mtalii: nini hukumu yake?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Mwezi ujao nitakuwa Casablanca, Moroko, kikazi kwa siku tatu. Mwenzangu wa kazini, ambaye ni Mkristo, ametukatia tiketi za kuutembelea Msikiti wa Hassan II ulio ufukweni. Moyo wangu una uzito. Je, yafaa niingie nyumba ya Allah kwa tiketi, kama aingiaye makumbusho? Yeye naye anaruhusiwa kuingia? Na nikiwa katika siku zangu, nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh, binti yangu. Uzito huo ulionao ni dalili ya imani, usiupuuze.

Nianze na mwenzako, maana suala lake ni jepesi. Thumama bin Uthal, mkuu wa kabila la Banu Hanifa, alipotekwa, kabla hajasilimu, Mtume (s.a.w.) aliamuru afungwe kwenye nguzo ya msikiti wake mwenyewe Madina. Akakaa pale akiwaona Waislamu wakiswali, akiisikia Qur'ani, na alipoachiwa huru alikwenda akaoga, akarudi akatamka shahada. Kwa hadithi hii Imam Shafi'i ameruhusu asiye Muislamu kuingia msikitini kwa idhini ya Waislamu, isipokuwa Msikiti Mtukufu wa Makka. Imam Malik amekataza ila kwa haja, na watu wa Moroko ni wa madhehebu yake. Na misikiti mingi huko haimpokei asiye Muislamu. Huu wa Casablanca wenyewe wameufungua kwa ziara za kuongozwa, nje ya nyakati za swala. Basi na aje, avae nguo za stara, avue viatu. Huenda kile atakachokiona kikawa kheri kwake.

Ama wewe, hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Tiketi yenyewe haina ubaya, kwa kuwa ni malipo ya kuongozwa na kuelezwa. Swala haina kiingilio. Lakini wewe si mtalii humo, hata kama tiketi imeandikwa hivyo. Mtume (s.a.w.) amesema: "Atakapoingia mmoja wenu msikitini, asikae mpaka aswali rakaa mbili." Hajabagua msikiti wa kijijini na huu uliofunguliwa 1993, wenye mnara wa mita 200 hivi na ukumbi wa kuswalia watu 25,000. Na ukubwa wake hauongezi thawabu. Misikiti iliyotajwa kwa fadhila ya kufungiwa safari ni mitatu tu: wa Makka, wa Madina na wa Al-Aqsa. Wewe umesafiri kwa kazi, huu umeukuta njiani, kwa hiyo hakuna tatizo.

Ushauri wangu: usitosheke na ile ziara. Mwambie mwenzako akungojee kiwanjani, uingie kwa mlango wa wanawake adhana ya Adhuhuri ikilia. Ukiswali faradhi mara tu uingiapo, maamkizi ya msikiti, yaani zile rakaa mbili, yameshapatikana ndani yake. Kwa siku tatu wewe ni msafiri, unaweza kupunguza swala. Ila ukimfuata imamu mkaazi, kamilisha rakaa nne. Na kwenye ziara, mnapotembea mmeshika viatu mkononi na kiongozi anaeleza namna paa linavyofunguka, kusimama hakukupotezei maamkizi. Kinachoyapoteza ni kukaa kwa makusudi. Usipopata nafasi ya kuswali, Imam Nawawi ametaja useme mara nne: Subhaanallah, walhamdulillah, walaa ilaaha illallah, wallahu akbar.

Utauona uzuri wa marumaru, mbao za mwerezi na vigae, na ni uzuri kweli. Mtume (s.a.w.) aliwahi kuswali na shuka yenye nakshi, akaitazama mara moja tu. Alipomaliza akasema ipelekwe kwa swahaba Abu Jahm, kwani imemshughulisha katika swala yake. Mtazamo mmoja, binti yangu, na huyo ni Mtume wa Allah. Basi angalia nakshi kabla na baada ya swala. Ukishafunga takbira, macho yako mahali pa kusujudu. Picha ya jengo haina ubaya, lakini usimpige picha mtu aliye katika swala, wala usiifanye sijda yako kuwa picha ya kuwaonyesha watu. Hili la mwisho naliogopa kuliko tiketi.

Ukiwa katika hedhi, wanazuoni walio wengi, na Shafi'i miongoni mwao, wamezuia kukaa msikitini, na ziara ya muda mrefu ni sawa na kukaa. Muache mwenzako aingie, wewe ubaki nje upande wa bahari. Dhikri na dua hazijazuiwa kwako.

Na kwa kuwa sehemu ya jengo hilo imesimama juu ya maji ya Atlantiki, huenda ukajiuliza kuhusu swala juu ya bahari. Ni sahihi, kama ilivyo sahihi chomboni. Chini ya ukumbi kuna mahali pa kutawadhia, lakini hata ukishuka ukatia udhu kwa maji ya bahari yenyewe, umetosheka. Mtume (s.a.w.) aliulizwa hilo hasa na mtu mwenye kusafiri baharini na maji machache, akajibu: "Maji yake ni twahara, na maiti wake ni halali."

Wallaahu aalam.