Maswali na majibu: Kwotabeki ashaachia mpira, unamvaa wa nini?

Wiki hii maswali ni mengi na karibu yote yako sehemu moja, kwotabeki (yule anayewarushia wenzake mpira) kuvamiwa wakati mpira ushamtoka mkononi kwenye futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani. Nimechukua machache, mengine mtanisamehe.

Kaka, mchezo wenyewe si wa kugongana? Sasa kwa nini kwotabeki analindwa kama yai? (Msomaji, Dar)

Hata huku Marekani watu wanauliza hivyo hivyo. Iko hivi, anayekimbia na mpira anajua kabisa anakwenda kugongwa, kainama, kakaza shingo, bega liko mbele. Kwotabeki anayerusha ni kinyume chake, mguu wa mbele kaukita chini, mkono uko juu, mbavu zote wazi, macho yako yadi 30 kule anakompasia mwenzake na nyuma yake haoni kitu. Mpira ukitoka tu mwili unalegea, anaona kazi imeisha, ndo hapo anaingia jamaa wa kilo 120 na spidi yake yote. Shingo haijajiandaa, kichwa kinatupwa huku na huku, ubongo unatikisika ndani ya fuvu, na hapo helmeti haisaidii sana maana kazi yake kubwa ni fuvu lisipasuke. Na mara nyingi kinachoumiza zaidi sio lile pigo lenyewe, ni kisogo kufikia ardhini na jamaa yuko juu yako.

Mimi nimecheza raga, kwetu ukimwangusha mtu hana mpira unaweza kula kadi. Huko je? (Msomaji, Nairobi)

Kuna makosa mawili na watu wanayachanganya sana. La kwanza ni rafu kwa mrushaji, timu yako inarudishwa nyuma yadi 15 (kama mita 14) na wenzenu wanapewa dauni ya kwanza papo hapo, yaani nafasi nne mpya za kusogeza mpira, ila wewe uliyegonga unabaki uwanjani unaendelea na mechi. La pili ndo linaitwa tagetingi, yaani umemlenga mtu asiyeweza kujikinga ukampiga kichwani au shingoni, au umetumia utosi wa helmeti yako kumpiga mtu yeyote popote. Hili lilianza 2008 kama yadi 15 tu, 2013 wakaongeza kutolewa nje, na kwa miaka mingi ukilifanya kipindi cha pili ulikuwa unakosa pia nusu ya kwanza ya mechi inayofuata. Vyuoni hakuna faini za pesa kama NFL, ligi ya kulipwa, kwa hiyo kukaa nje ndo kitu pekee kinachomuuma mchezaji kweli.

Sasa hapa ndo nina ugomvi na hii sheria. Tagetingi inaangalia umegonga wapi na kwa kutumia nini, haiangalii umegonga saa ngapi. Tarehe 16 Septemba 2023 Travis Hunter wa chuo cha Colorado (huyu sio kwotabeki, lakini kosa ni lile lile) aligongwa na beki wa Colorado State mpira ushampita kitambo, akachanika ini, akakosa mechi tatu. Ini jamani! Adhabu ilikuwa yadi 15. Kichwa hakikuguswa, basi mchezo ukaendelea. Kitabu cha sheria kinamruhusu refa kumtoa mtu kwa rafu mbaya sana hata kama sio tagetingi, uwezo anao, ila wengi hawautumii. Mimi nasema kama kila mtu uwanjani ameona mpira umeshaenda na wewe umepiga hatua mbili tatu ndo ukamvaa mtu, toka nje, haijalishi umempiga kichwani au mbavuni.

Ila nikishasema hivyo lazima niseme na hili, yule beki alitishiwa kuuawa, yeye na familia yake, na Hunter mwenyewe akajitokeza kusema waacheni, ni mpira. Ukikasirika kasirikia rafu, usimtafute mtoto wa watu nyumbani kwake.

Ohio State tulionewa 2019, Shaun Wade hakustahili kutolewa. Kubali tu. (Msomaji, Columbus)

Sikubali, ingawa maumivu yako nayaelewa. Nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, mechi ya Fiesta Bowl, Desemba 28, mnacheza na Clemson mnaongoza 16 kwa 0, beki wenu Wade anamfikia kwotabeki wao Trevor Lawrence anamwangusha, mnashangilia, halafu video inaonyesha kaingia na kichwa kimeinama, helmeti kwa helmeti. Katolewa, Clemson wakaendelea na mpira ule ule wakafunga, mwisho wakawashinda 29 kwa 23. Hilo pigo halikuchelewa, ni kweli, lakini mtu anayeinamisha kichwa haoni anachogonga na shingo inayoweza kuvunjika ni yake mwenyewe kwanza, kwa hiyo sheria inamlinda hata Wade. Na msimu uliofuata sheria hiyo hiyo iliwabeba nyie, nusu fainali ya Sugar Bowl, Januari 1, 2021, James Skalski wa Clemson alimpiga kwotabeki wenu Justin Fields mbavuni na utosi wa helmeti akatolewa, Fields akarudi na maumivu yake akamaliza mechi na pasi sita za tachidauni (zile zinazoleta pointi sita kila moja), mkashinda 49 kwa 28. Siku hiyo sikusikia mtu wa Columbus akilalamika.

Kama unataka mtu wa kumlilia mlilie Devin White, beki wa chuo cha LSU, Oktoba 2018, alimsukuma kwotabeki wa Mississippi State aliyekuwa ashaachia mpira, msukumo wa kawaida kabisa ukiuangalia, akakosa nusu ya mechi na Alabama, mashabiki mpaka wakaweka mabango barabarani ya kudai aachiwe. Linganisha huyo na lile la ini halafu uniambie kama mizani iko sawa.

Refa anaonaje mpira umetoka saa ngapi, mambo yanakwenda haraka vile?

Refa mkuu, yule mwenye kofia nyeupe, anasimama nyuma ya kwotabeki, na mpira ukirushwa yeye haufuati kwa macho, anabaki kumwangalia aliyerusha. Ndo kazi yake. Wewe ukiwa kwenye TV macho yako yanafuata mpira, ndo maana unashtuka kuona kibendera cha refa cha kuashiria kosa.

Na kwotabeki wanaojifanya wanajiangusha halafu wanakimbia?

Huyo ni Kenny Pickett wa chuo cha Pitt, fainali ya ligi ya ACC Desemba 2021 na Wake Forest, alijifanya anateleza miguu mbele, ishara kwamba amejisalimisha asiguswe, mabeki wakamwachia kwa heshima, akakimbia zake yadi 58 mpaka tachidauni. Siku chache tu baadaye NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wakasema ukianza kujifanya hivyo mpira umekufa pale pale, mchezo unasimama. Walifanya vizuri sana, maana beki akishadanganywa mara moja, kesho atamvaa hata yule anayejilaza kweli.

Mwanangu ni kwotabeki wa high school, Ijumaa aligongwa kwa kuchelewa, akasema yuko sawa akaendelea kucheza. Leo kichwa kinamuuma na hataki taa. (Mama, Des Moines)

Dada yangu, hapo usisubiri. Kichwa kuuma na kukimbia mwanga ni dalili za ubongo kutikisika, na vijana wanasema niko sawa kwa sababu hawataki kupoteza namba. Niliwahi kukaa jukwaani nikaona kijana kagongwa hivyo hivyo, akainuka akaenda kusimama kwenye kikao cha timu pinzani, na bado akarudishwa kucheza. Mpaka leo naiona ile picha. Sheria iko upande wako, jimbo la Washington lilianza 2009 na kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya kumlinda mwanafunzi aliyeumia kichwa, anayeshukiwa tu anatolewa na harudi bila karatasi ya mtaalamu wa afya. Mpeleke kwa daktari leo. Akianza kutapika, kuchanganyikiwa, kuongea kwa kukokota au ukashindwa kumwamsha vizuri, piga 911, namba ya dharura. Na kocha mwandikie ujumbe wa maandishi, usimpigie simu, mwambie mtoto hagusi helmeti mpaka daktari aseme.