Unarudi Bongo na mtambo wa baiodizeli? Soma hapa kwanza mkuu

Mkuu wa Manchester umeuliza swali zuri, kwamba unarudi mwakani, una mtaji wa wastani, huko umezoea kujitengenezea baiodizeli (dizeli ya mafuta ya kupikia) gereji kwako kwa mafuta yaliyokwishakaangia ya maduka ya chipsi na gari linatembea vizuri tu, sasa unataka uje kuitangaza na kuiuza huku nyumbani, je inalipa? Wengi wamekujibu "njoo bana fursa kibao" na wengine "utalia". Mimi nimetoka Leicester nikaja nayo hiyo hiyo Morogoro, na bado naitengeneza mpaka leo, kwa hiyo ngoja niandike kwa kirefu kidogo.

Kwanza ondoa kichwani hesabu za huko. Uingereza toka 2007 ukitengeneza chini ya lita 2,500 kwa mwaka hudaiwi ushuru wa mafuta wala hujisajili popote, na wakati naanza mimi mwenye duka la chipsi alikuwa anakushukuru ukimbebea dumu lake kwa sababu kumwaga kwenye sinki hairuhusiwi. Yaani malighafi ni bure halafu serikali imekuachia. Hapa mkuu hakuna mafuta ya kutupa, nakwambia ukweli. Hoteli ikishakaanga inauza kwa mtu wa kibanda, wa kibanda anakaangia chipsi wiki nzima akiongezea mapya juu yake, yakishakuwa meusi anayachukua mama wa maandazi au wa samaki, na ile machicha ya mwisho kuna mtu anawashia mkaa. Kila hatua ina bei. Lita ya mafuta mapya ya kula bongo iko juu kuliko lita ya dizeli, na 2022 Indonesia walipofunga kuuza mawese nje (mwisho wa Aprili mpaka Mei hivi) ndio ilikuwa balaa kabisa, hata yale meusi watu walikuwa wanayagombania. Sasa wewe unakuja unataka kununua mafuta ya chakula ukayageuze wese, unashindana na tumbo la mtu, na tumbo linalipa vizuri kuliko injini.

Ndio maana watu wakiniuliza kuhusu kemia huwa nacheka, kemia ndio sehemu rahisi kuliko zote. Lita 100 za mafuta, lita 20 za methano (methanoli, spiriti ya viwandani), gramu 350 za kostiki soda kama mafuta ni mapya, halafu unaongeza kufuatana na kipimo cha asidi, unapasha moto nyuzi 55 hivi, unakoroga, unaacha usiku kucha, asubuhi gliserini imekaa chini wewe unachota juu, unaosha kwa maji, unakausha, basi. Huko kwenu mafuta ya duka zuri ukipima unaongeza gramu moja au mbili kwa lita na maisha yanaendelea. Ya huku yakishapita mikono mitatu asidi imepanda vibaya sana, unaongeza soda mpaka inazidi mara mbili ya ile ya kawaida na hapo ujue nusu ya kazi yako inageuka sabuni ndani ya pipa, tena yana maji ya viazi humo na unga wa kachori. Kwa hiyo kununua ya kibandani kwa sababu ni bei chee ni hasara iliyojificha. Na kuna zile stori za mafuta ya transfoma kuuziwa wakaanga chipsi, sijui ni kweli kwa kiasi gani lakini mimi dumu nisilojua limetoka wapi silichukui, mafuta ya aina ile hayageuki chochote kwenye pipa, yatabaki hivyo hivyo.

Nilichofanya ni kukaa na sehemu ambazo zina sababu ya kutouza mtaani, kantini kubwa, hoteli zenye wageni wa nje ambao wanauliza maswali, mtu wa krips. Mnakubaliana bei ya mwaka, unawapelekea madumu yako masafi yenye mfuniko, unachukua siku ile ile kila wiki bila kukosa. Ukikosa wiki moja tu, mtu wa kibanda kashapita. Kanuni yangu ni nyepesi, naangalia bei elekezi ya EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) inayotoka kila mwezi, lita ya mafuta machafu ikivuka nusu ya bei ya dizeli pampu sinunui, kwa sababu hapo bado sijaweka methano, umeme, usafiri na kile kinachopotea.

Methano sasa. Huku inatoka nje yote na inauzwa na wenye leseni, kemikali za viwandani zina sheria yake ya 2003 na usajili ni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, usijifanye mjanja ukaanza kununua kwa mlango wa nyuma. Pia ni sumu kweli kweli, kidogo tu inapofua macho, na moto wake mchana hauonekani vizuri, unaweza kuwa unaungua hujui. Kazi hii haifanyiki jikoni wala kwenye chumba wanacholala watoto. Kuna mzee mmoja mtaani kwetu, mtu mwerevu tu, aliniuliza kwa nini nisitumie gongo maana ni spiriti na inapatikana kila kona. Wazo si baya mzee wangu, ethano (ethanoli, spiriti ya pombe) inafanya kazi hiyo, ila iwe kavu kabisa, gongo ina maji mengi na maji ndio adui namba moja humu ndani, utapata uji wa sabuni na harufu ya pombe.

Upande wa kutangaza ndio uliponichosha zaidi na huu hakuna aliyekuambia hapo juu. Ukimwambia Mtanzania "hii dizeli natengeneza mwenyewe" kitu cha kwanza anachosikia ni uchakachuaji. Watu hawajasahau ile miaka ya kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, mpaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe tena. Nozeli na pampu za watu zilikufa, kwa hiyo mwenye Fuso akikuona na dumu la kitu cha njano anakimbia. Na ukisema inatokana na mimea ndio umeharibu kabisa, utaulizwa "kama ile ya mbono?" Mbono kaburi mkuu, ile mibono ya uzio, ilikuja kwa kishindo kuanzia 2005 hivi, tukaambiwa inaota popote haihitaji maji wala mbolea, Kisarawe kuna mradi ulichukua zaidi ya hekta 8,000 za vijiji halafu 2011 ukafa, Kilwa nako mwingine ulikufa kabla yake. Ukweli mbono unaota popote lakini hauzai popote, na unahitaji karibu kilo nne za mbegu kupata lita moja ya mafuta, mashudu yake yana sumu huwezi kumpa ng'ombe. Walioachwa bila ardhi na bila ajira bado wapo. Halafu wewe unashuka na lafudhi ya majuu na pauapointi unasema nishati mbadala. Watakusikiliza kwa adabu, watakunywa soda yako, wataondoka.

Kilichofungua mlango kwangu haikuwa mkutano. Nilikwenda kwa mwenye mashine ya kukoboa, zile injini za silinda moja, nikamwambia sikuuzii, weka kwenye mashine ya akiba tuone, fundi wako awepo. Fundi ndio mtu wa kumshawishi, sio tajiri. Fundi pampu akisema "iko poa" wiki hiyo hiyo umepata wateja, akisema "inaua pampu" hata uje na cheti cha TBS hakuna atakayekugusa. Tulianza na kuchanganya na dizeli ya kawaida, moja kwa tano, na nilimwambia mapema kabisa kwamba filta ya kwanza itaziba, kwa sababu baiodizeli inaosha uchafu wote wa miaka kwenye tanki na kuupeleka mbele, na mipira ya zamani inalainika kwa hiyo abadilishe. Ilipoziba kweli akasema huyu jamaa anajua anachosema. Hiyo filta iliyoziba ilinisaidia kuliko maneno yote.

Magari nachagua. Hilux za zamani, Land Cruiser yenye injini ya zamani ya 1HZ, pawatila, jenereta, hizo sawa. Mtu mwenye D4D au gari lolote la komoni reli (injini za kisasa za presha kubwa) nakataa hata akinibembeleza, nozeli zake bei yake inamaliza faida yangu ya mwaka. Na mafuta yetu mengi ni ya mawese, baiodizeli yake inaanza kuganda kwenye nyuzi 13 mpaka 16 hivi. Mjini hapa kwa joto letu husikii shida, lakini mtu wa Mgeta kule milimani akipaki nje usiku wa Julai asubuhi anaanza kunitukana kwenye simu. Huko juu nawapa mchanganyiko mdogo tu, au nawaambia wasubiri Oktoba.

Inalipa? Wese peke yake linalipa kidogo, nakwambia kweli, linanilipa mimi kwa sababu mashine yangu mwenyewe inakunywa humo na hainunui kwa watu. Mahali pesa ilipokaa ni sabuni. Ile gliserini ukiichemsha vizuri methano yote ikatoka (nje, mbali na moto wa wazi), akina mama wa kikundi wanaigeuza sabuni ya kufulia na ya kusafishia gereji, hakuna anayeuliza kama imechakachuliwa. Kuna miezi sabuni ndio inanunua methano.

Kuhusu kupakia mtambo wako kwenye kontena, usilete. Pipa, hita na pampu ya kukoroga mafundi wa huku wanachomelea kwa bei ambayo hutaamini, na kikiharibika wanajua walikichomelea wapi. Leta mizani ya gramu yenye kuaminika, vioo vya kupimia, kipima joto kizuri, na mipira ya vaitoni (ile isiyolainika kwa baiodizeli) ya saizi tofauti. Na kabla hujaacha kazi huko, mwambie ndugu yako apite kantini na hoteli za mji unaokwenda aulize mafuta machafu anauziwa nani na kwa bei gani. Akirudi na majina ya wanunuzi watatu kila hoteli, basi leta hela ya kitu kingine.