Kufunga Begi Si Kusafiri: Sala ya Siku ya Mwisho Ugenini

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe. Mimi ni binti wa hapa Ujiji. Baada ya mtihani wa kidato cha sita nilikwenda Oman kwa dada yangu aliyeolewa Ruwi, Muscat. Nilijua tangu mwanzo kuwa nitakaa wiki 10, na siku zote nilisali kamili. Siku ya mwisho, ndege ikiwa ya saa saba usiku, shoga yangu alinitumia klipu ya ustadhi anayesema siku ya kuondoka haihesabiwi katika ukaazi, na kwamba aliyefunga begi kwa niya ya safari ameshakuwa msafiri. Basi saa saba mchana nikasali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, nikaenda soko la Matrah kutafuta zawadi. Nilirudi jua limeshazama. Dada alikuwa jikoni tangu asubuhi akinipikia chakula cha kuagana. Akanuna, tukarushiana maneno, na tukaagana kama watu wasiojuana. Magharibi na Isha nilisali uwanja wa ndege, Isha nikaipunguza. Je, sala zangu zimesihi? Na je, nimepata dhambi kuimalizia sokoni siku ya mwisho? Tangu nirudi sina raha.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Nimekujibu wewe kabla ya waliotangulia kuuliza kwa sababu mbili. Klipu hiyo nami imenifikia, kwa vijana wa Mwanga, hapa Kigoma, na wa hapa Ujiji, na wapo wanaosali kwa kuifuata. Sababu ya pili ni hilo neno lako la mwisho, kwamba huna raha.

Adhuhuri na Alasiri ulizosali nyumbani kwa dada yako hazikusihi. Zilipe, kila moja rakaa nne. Dhambi sikuhesabii, maana ulitaka kufuata sheria na ukapokea neno kwa mtu uliyemdhania anajua.

Tuje kwenye hoja yenyewe. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wamesema kweli kwamba katika kuhesabu zile siku nne zinazomfanya msafiri kuwa mkaazi, siku ya kuingia na siku ya kutoka hazihesabiwi. Ustadhi ameikuta sentensi hiyo akaichukua nusu. Hesabu ile ni ya kumjua nani amekuwa mkaazi na nani bado. Mtu anafika Tabora Jumatatu, anaondoka Ijumaa. Ukitoa siku hizo mbili zinabaki tatu, kwa hiyo hakuwa mkaazi, ataendelea kupunguza. Kazi ya hesabu imeishia hapo. Wewe ulinuia wiki 10, ukaazi wako ulithibiti siku ile ile uliyofika Ruwi. Hukuwa na siku ya kuhesabu wala ya kuacha. Waswahili wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe ulikuwa nalo mkononi miezi miwili na zaidi.

Anasema pia kwamba matendo ni kwa niya. Hadithi ni sahihi, mahali alipoiweka sipo. Niya inatosha kumfanya mtu mkaazi, kwa kuwa kukaa ndiyo asili na hakuhitaji tendo. Safari ni tendo, na tendo halipatikani kwa kulinuia. Mafakihi wanapiga mfano wa zaka. Mwenye duka akichukua doti ya khanga akanuia kuivaa mwenyewe, imetoka katika mali ya biashara papo hapo. Lakini mwanamke mwenye khanga zake kabatini akinuia kuziuza, haziwi biashara kwa niya hiyo peke yake. Fundi wa Mwanga aliyekata tiketi ya treni ya Tabora akafunga mzigo, kisha safari ikasogezwa hadi kesho, usiku huo amelala kwake akiwa nani? Kila mtu atasema amelala mkaazi. Qur'ani inasema katika Suratun-Nisaa, aya ya 101, kwamba hakuna ubaya kupunguza sala *mnaposafiri katika ardhi*. Na neno la Kiarabu lililotumika hapo ni kuipiga ardhi, yaani kuikanyaga na kwenda. Begi lililosimama ukumbini halijakanyaga kitu.

Anas (r.a.), Swahaba wa Mtume, amesimulia kuwa alisali Adhuhuri na Mtume (s.a.w.) Madina rakaa nne, kisha Alasiri Dhul-Hulayfa, nje ya Madina, rakaa mbili. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Hebu iangalie vizuri. Siku ni moja, niya ya safari ilikuwepo tangu Adhuhuri, na bado Adhuhuri ikasaliwa nne. Ali (r.a.) naye alipotoka katika mji wa Kufa, huko Iraki, alipunguza huku nyumba bado anaziona nyuma yake. Aliporudi, akiwa bado anapunguza, akaambiwa, Kufa hii hapa! Akasema hapana, mpaka tuingie. Kwa hiyo mpaka ni majumba ya mji.

Mwisho wa klipu anatoa kisa cha huyo huyo Anas, kwamba alikula mchana wa Ramadhani akiwa bado nyumbani, anajiandaa na safari. Kisa kipo katika kitabu cha hadithi cha Tirmidhi. Ila angesoma mistari michache mbele asingekitoa. Tirmidhi anasema hapo hapo kwamba baadhi ya wanazuoni walikichukua kisa hicho kwa ajili ya kufungua, *lakini* wakasema hana ruhusa ya kupunguza sala mpaka atoke katika kuta za mji. Waliokubali dalili yake wenyewe wameikataa hukumu yake! Kunyamazia maneno yaliyo ukurasa uleule ni jambo zito kwa mtu anayefundisha watu sala, nami namwomba aifute klipu ile. Ni kweli wapo katika tabiina, yaani wanafunzi wa Maswahaba, Ataa akiwa mmoja wao, walionukuliwa kuruhusu kupunguza kabla ya kutoka. Wanazuoni walio wengi hawakuwafuata, na hadithi ya Anas ya Dhul-Hulayfa imeshatujibia.

Alasiri yako ina kasoro nyingine, kwamba uliisali kabla wakati wake haujaingia, na ruhusa ya kukusanya hukuwa nayo. Ungengoja. Saa za kuingia na kutoka sokoni zilikuwa mikononi mwako.

Isha ya uwanja wa ndege ina nafasi. Uwanja uko Seeb, nayo Seeb ni wilaya yenye jina lake, ingawa leo majumba yameungana kutoka Ruwi hadi huko. Anayeiona kuwa mji mwingine ana pa kushika. Sikulazimishi kuirudia, lakini ukiirudia rakaa nne moyo wako utatulia zaidi.

Na soko? Kununua zawadi si dhambi. Mtume (s.a.w.) amesema, peaneni zawadi mtapendana. Najua pia hapa Ujiji mtu hashuki kutoka Uarabuni mikono mitupu, na mama alikuwa anangoja. Tatizo langu ni kwamba zawadi ulikuwa na wiki 10 za kuzinunua, na chakula cha kuagana kilikuwa na siku moja tu ya kuliwa.

Unaposafiri una mengi ya kukushughulisha, mizani ya mzigo, pasipoti, foleni. Dada yako alirudi Ruwi usiku ule akakuta sufuria zimejaa na kitanda kitupu. Yeye ameolewa mbali na kwao, na kwa wiki 10 alikuwa na mtu wa kuongea naye Kiswahili cha nyumbani. Kununa kwake kulikuwa ni hilo, si pilau. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimuaga msafiri kwa kumwambia, *namkabidhi Mwenyezi Mungu dini yako, amana yako na mwisho wa matendo yako*. Dua hiyo hamkuombeana. Haijapita. Muombe radhi kwanza, bila kumkumbusha maneno aliyokutupia, kisha muombe akusomee dua hiyo, nawe umsomee. Usimtumie ujumbe wa maandishi, mpigie aisikie sauti yako. Muulize pia alipika nini, akueleze chote.

Sala hizo hazichukui robo saa, zilipe sasa hivi ukimaliza kusoma. Kisha piga simu mapema, kabla ya Isha ya huku, maana Oman wanatutangulia kwa saa moja na dada yako asije akawa ameshalala.

Wallahu a'lam.