Jibu: Malengelenge yamepona, mbona hatari ya VVU ipo palepale?

Ndugu wa Temeke, umeuliza kwa nini mwenye virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, HSV-2, huambukizwa VVU kwa urahisi zaidi hata asipokuwa na kidonda, na kama vidonge vya asaiklovia, dawa ya malengelenge, vitamkinga.

Virusi hivi havilali usingizi mzito. Hujificha kwenye mafundo ya neva karibu na uti wa mgongo, chini kiunoni, na mara kwa mara huteremka hadi kwenye ngozi kwa saa chache bila mtu kuhisi lolote. Mwili hujibu kwa kupeleka seli za CD4, yaani walinzi wa kinga ya mwili, mahali pale. Ngozi ikishafunga, seli hizo haziondoki. Hubaki kwa wiki, hata miezi, nyingi zikiwa na kipokezi cha CCR5, na hicho ndicho mlango wa VVU. Walinzi wenyewe ndio wanaowindwa.

Asaiklovia huzuia virusi kuzaliana, lakini haiondoi seli zilizokwisha kukusanyika. Utafiti wa wanawake kaskazini-magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa 2008, uliwapa miligramu 400 mara mbili kwa siku, na maambukizi ya VVU hayakupungua. (Baadhi waliruka dozi, lakini tafiti za kwingineko nazo zilitoa jibu hilohilo.)

Kwa hiyo imeze kutuliza vidonda. Dhidi ya VVU tumia kondomu, na uliza kliniki kuhusu PrEP, dawa za kujikinga kwa asiye na VVU; utapimwa kwanza. Aliye na VVU tayari asiache ARV akategemea asaiklovia.