Karafuu, jino na seli za kinga: maswali yenu wiki hii

Bibi yangu alikuwa akiniwekea karafuu kwenye jino bovu. Ilikuwa inatibu kweli? (Msomaji, Wete)

Ilituliza, mwanangu, na si jambo dogo. Karafuu ni ua lisilochanua, linalochumwa likiwa bado limefumba. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni yujenoli. Hiyo huzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari ya maumivu, ndiyo maana ulimi unakufa ganzi ukiitafuna. Daktari wa meno naye huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Lakini tundu alilolituliza bibi lilibaki palepale. Usiache kwenda kliniki.

Nasikia karafuu hupunguza uvimbe kwenye seli za kinga. Wanajuaje? (Mwanafunzi, Tanga)

Swali zuri. Maabara nyingi hutumia makrofaji za panya, yaani zile seli zinazomeza vijidudu. Zinawekwa kwenye visahani, kisha zinachokozwa kwa kipande cha ganda la bakteria. Zinadhani zimevamiwa, zinaanza kumwaga nitriki oksaidi, TNF na prostaglandini, vitu vinavyoleta joto, wekundu na maumivu. Ukitia dawa ya kupimia, maji yao hugeuka waridi. Rangi ikikolea, ujue seli zimechachamaa. Zilizopewa yujenoli kabla ya kuchokozwa, rangi yake hufifia. Sababu mojawapo ni kwamba NF-kB, protini inayowasha jeni za uvimbe, inazuiwa isiingie kwenye kiini cha seli, hivyo COX-2, kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza prostaglandini, hutengenezwa kidogo.

Ila uliza kila mara: je, seli zilikuwa hai? Yujenoli ikizidi huziua, na seli iliyokufa haimwagi chochote. Mtafiti asiyepima uhai wa seli anaweza kuita sumu dawa.

Basi nikinywa chai ya karafuu kila siku, goti langu litapona? (Mzee, Mombasa)

Shikamoo mzee wangu. Kwenye kisahani seli huogeshwa yujenoli moja kwa moja. Ukiinywa, ini huibadilisha upesi na nyingi hutoka kwa mkojo, kwa hiyo goti haliipati kwa kiwango kile. Chai kunywa, ni tamu, lakini dawa ya daktari usiiache. Na kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, usiguse vidonge wala mafuta ya karafuu kabla ya kumwambia daktari, maana yujenoli hupunguza kuganda kwa damu.

Mwanangu ana miezi tisa, anaota meno. Nimpake mafuta ya karafuu? (Mama, Dodoma)

Hapana, dada, nakusihi. Mafuta yale ni makali, huunguza ufizi. Kuna watoto wadogo waliomeza kiasi cha mililita 10 wakazimia, ini likaharibika. Mpe kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi akitafune, umsugue ufizi kwa kidole ulichonawa. Kichupa kiweke juu kabatini, kifuniko kikiwa kimekazwa. Akiyameza mafuta hayo hata kidogo, usimtapishe, mkimbize hospitali na kichupa chenyewe mkononi.